Mume Wangu Alihutubia kwa Mgongo

Mume wangu alikuwa na hotuba moja tu, na mimi niliijua kabla ya mtu yeyote wa mtaa wetu wa Kamalondo, kwa sababu aliifanyia mazoezi jikoni kwangu. Anasimama mlangoni, mkono mmoja juu, mwingine mfukoni, anasema, "Mji huu ni wa wote walioujenga!" Nami nimeshika sufuria ya moto mikononi. Namwambia, "Vizuri sana, mheshimiwa, sasa ondoka hapo mlangoni kabla sijakumwagia bukari miguuni." Bukari ndio ugali wetu sisi. Anacheka, ananipisha, halafu anaanza upya kutoka mwanzo, kana kwamba nimempigia makofi.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Wabelgiji katika mji ambao wao waliuita Élisabethville na sisi tuliuita Lubumbashi, kwa jina la mto wake. Uhuru ulikuwa umeshaahidiwa. Kabla ya uhuru, watu walitakiwa kuchagua wabunge wa kwenda kukaa Léopoldville, mji mkuu, na kutunga sheria za nchi nzima. Mbunge tulimwita depite, na neno hilo lilikuwa tamu midomoni mwa wanaume kama pombe ya bure. Nasema wanaume kwa sababu waliopiga kura ni wao peke yao. Sisi wanawake tuliachiwa kupika chakula cha mikutano na kupiga vigelegele.

Mume wangu aligombea. Alikuwa karani wa reli, mtoto wa mtu aliyetoka kaskazini ya Katanga, jimbo letu, kuja kutandaza reli hiyohiyo. Hakuwa na chama kikubwa nyuma yake. Alikuwa na kamati ya marafiki zake wa kazini, lori bovu la mwenye baa mmoja, na kipaza sauti ambacho kilikohoa kuliko kilivyosema. Lakini alikuwa na maneno ambayo wengine hawakuwa nayo. Alisema mfanyakazi mweusi na mfanyakazi mweupe wakifanya kazi moja walipwe sawa. Alisema mtoto wa kike asome mpaka achoke mwenyewe. Na siku moja, mbele ya wanaume waliojaa baa nzima, alisema wanawake nao wapige kura. Yo! Walicheka mpaka chupa zikaanguka. Mmoja akamuuliza kama nyumbani ndiye anayesonga bukari. Akajibu, "Sijui kusonga. Njo maana namuheshimu anayejua." Nilikuwa dirishani na wanawake wenzangu, tukasikia. Nawaambia wazi, siku ile nilimpenda kuliko siku ya ndoa.

Katikati ya hotuba yake ndipo palipokuwa na ule mji wa waliojenga. Na hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana miaka ile maneno mabaya yalikuwa yameshaingia mjini. Kulikuwa na watu wenye chama chenye nguvu, wakizunguka mitaani wakisema wageni warudi kwao. Wageni wenyewe ni nani? Ni watu wa jimbo la Kasai. Watu walioletwa na reli na migodi, waliozaa hapa, waliozika hapa. Mimi ni mmoja wao. Baba yangu alikuja kutoka Kasai kwa kazi, mama yangu akamfuata kwa treni akiwa bibi harusi, na mimi nimezaliwa Kamalondo. Mtu akiniambia nirudi kwetu, ninageuka, ninaingia nyumbani.

Mama alikuwa mjane wakati ule. Alikaa Kenya, siyo nchi bali komini, mtaa mmoja wa mji wetu, na aliuza sokoni samaki wakavu wa kutoka Kasenga. Mwanamke mfupi, sauti kubwa, hakopeshi, hasahau. Na alikuwa hajawahi kumtazama mume wangu usoni.

Msishangae. Kwao na kwetu desturi hiyo ni moja: mwanaume na mama mkwe wake hawakutani. Hawatazamani, hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja. Ni heshima, na heshima yenyewe ilikuwa na kazi kweli. Mama akija kwetu, alikohoa langoni kwa nguvu, na mume wangu, mtu mzima na miwani yake, alitoka mbio kwa mlango wa jikoni. Akimwona mbele yake sokoni, aligeukia safu ya wauza viatu. Mara moja mama alikaa kwetu mchana kutwa kwa makusudi, na maskini wa Mungu mume wangu alikuwa amejificha nyuma ya choo, akisubiri. Nilipompelekea maji kule aliniuliza kwa kunong'ona, "Bado hajachoka?" Nami nilicheka mpaka nikaketi chini. Lakini kila Jumamosi mama alituletea fungu la samaki, na alisema kwa sauti, ili asikie aliko, "Hii ya mukwe wangu, mupike muzuri." Huo ndio ulikuwa upendo wao.

Sasa niwaambie kilichoharibu mambo. Kampeni ilipokuwa inaelekea mwisho, mjomba wa mume wangu alifariki, mzee wa reli, na kilio kilikuwa nyumbani kwake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Ukoo wa mume wangu una watani wake, kama koo zote. Mtani kwenye kilio ana ruhusa ya kila kitu. Anavaa nguo za marehemu, anakaa juu ya mkeka wa wafiwa na kudai chai, anaiba sufuria, anaiga sauti za watu. Kazi yake ni kuwafanya wafiwa wacheke, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Mtani mkubwa wa mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli wa Kenya, rafiki yake tangu utoto, mtu wa mdomo usiojua kupumzika.

Tulikuwa tumetoka makaburini, jua bado kali. Mume wangu alitundika koti lake kwenye ua ili apasue kuni. Fundi akalivaa. Akachukua kofia, akachukua na miwani iliyokuwa mfukoni, akageuza kinu kikubwa cha mfiwa na kukitoa barabarani, mbele ya nyumba, akasimama juu yake. Mkono mmoja juu, mwingine mfukoni. Mungu wangu! Alikuwa yeye mtupu. Sauti yenyewe, kukohoa kwenyewe, hata ile tabia ya kurekebisha miwani kabla ya neno kubwa. Akaigeuza hotuba yote kichwa chini. "Mukinichagua, watoto wa kike wote watoke ku masomo, bakachambue majani ya sombe! Mishahara yote iletwe kwangu, mimi njo nitagawa! Na bantu ya Kasai, siku ya kwanza tu, nabapakia mu treni, na wa kwanza ni mama mukwe wangu, tena mu behewa ya makaa!"

Tulilia kwa kicheko. Mjane mwenyewe alishika mbavu. Mume wangu aliacha shoka, akakaa juu ya kuni, machozi yakimtoka, akisema, "Umeniua, umeniua." Mimi mwana wa Kasai nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilimwona mama yangu ndani ya behewa la makaa, anamgombeza dereva.

Lakini barabara ni ya watu wote. Ilikuwa saa ya kutoka kazini, na wafanyakazi walikuwa wakipita kwa makundi kwenda Kenya. Hawakujua kama pale pana kilio. Moto wa kilio na wanawake walikuwa ndani ya ua. Waliona koti, kofia na miwani wanayoijua kutoka kwenye lori. Walisikia sauti wanayoijua. Walisikia watu wakishangilia. Wakaendelea na safari yao, na maneno yale yakaenda nao.

Jumamosi samaki hawakuja.

Nikaenda sokoni mwenyewe. Wauza samaki wote wakanyamaza nilipofika, na mama akaendelea kupanga samaki wake, hakuinua kichwa. Nikamwambia, "Mama, ule ulikuwa utani wa kilio. Ni fundi wa baiskeli aliyesema." Akaniuliza, "Koti ilikuwa ya nani?" Nikasema ya mume wangu. "Kofia?" Ya mume wangu. "Na bantu walipiga makofi?" Walipiga, mama, kwa sababu ni utani! Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Weye ni bibi yake. Utasema nini ingine?"

Nikamtuma fundi mwenyewe akakiri. Wapi! Alifika sokoni, akapiga magoti mbele ya meza ya mama, akaapa kwa jina la baba yake kwamba maneno yale ni yake. Wanawake wakacheka mpaka wakashika nguo zao. Wiki iliyotangulia alikuwa amewaambia pale pale kwamba Mzungu wa komini amempa binti yake aoe. Nani amwamini mtani? Alirudi kwangu uso umemshuka, akasema, "Shemeji, maisha yangu yote nimesema uongo wananiamini. Leo nimesema kweli wamenicheka." Hakucheka aliposema hivyo, na sikuwa nimewahi kumwona hivyo.

Mama akatuma ujumbe mmoja, kupitia kwa jirani yake. "Mi sitaki ya kuambiwa. Ndani ya nyumba kila muntu iko muzuri. Asimame mbele ya bantu, aseme, mi nisikie na masikio yangu." Basi. Hakuongeza neno.

Mngedhani ni jambo rahisi. Asimame, aseme, yaishe. Lakini kamati ilikuja kwetu jioni ile, na nilipowaona wamekaa uani wakitabasamu nilijua kuna kitu. Mwenyekiti wao, rafiki wa mume wangu wa kazini, akasema, "Ndugu, usiguse habari ile. Mungu ametusaidia." Tangu uvumi usambae, watu wa kaskazini waliokuwa wakimwona mume wangu kama kibaraka wa Kasai walianza kumsalimu. Mitaa iliyokuwa imefungwa ilifunguka. Mzee mmoja aliyekuwa akitemea mate lori letu alikuja na watoto wake wote kuuliza siku ya kura. "Haukusema, sawa," mwenyekiti akasema. "Lakini haukukana. Nyamaza tu. Nyamaza mpaka kura, na kiti ni chako." Mume wangu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena.

Na akanyamaza. Nilikwenda mkutano wa Kampemba, komini nyingine ya mji, kumsikiliza, nikasikia shule, nikasikia mishahara, nikasikia wanawake wapige kura, na alipofika pale ninapopajua, pale anaporekebisha miwani na kuinua mkono, aliruka. Aliruka kama mtu anavyoruka dimbwi la maji. Watu walishangilia kuliko siku zote. Mimi nikarudi nyumbani peke yangu.

Usiku huo hatukulala, wala sitaki kuwachosha na yote tuliyoambiana. Nilipiga kelele. Mimi ni mtoto wa mama yangu. Nilimwambia, "Umetafuna katikati ya hotuba yako, umeacha maganda!" Akasema, kwa upole, na upole wake ulinikasirisha zaidi, "Unafikiri sijui? Nikishindwa, kiti kinakwenda kwa nani? Kwa wale wanaotaka kumpakia mama yako kweli, si kwa utani. Acha nifike kwanza. Nikifika, nitamlinda." Haikuwa hoja ya mjinga. Halafu nikasema, "Watu wakikupa kura ili umfukuze, kesho yake watakuja mlangoni kudai umfukuze. Utawaambia nini? Kwamba ulikuwa unatania?" Akageuka ukutani. Nikadhani amelala. Baadaye nikamsikia akisema gizani, "Jumapili. Mkutano wa mwisho, Kenya." Hakusema atasema nini, nami sikuuliza, maana niliogopa jibu.

Jumapili ile uwanja wa mpira wa Kenya ulijaa mpaka kwenye nguzo za magoli. Watu wa kaskazini walikuwa wengi sana, wamekuja kwa nyimbo, wamembeba mume wangu begani kutoka barabarani. Watu wa Kasai walikuwa pembeni kabisa, kundi dogo, mikono imefungwa kifuani. Lori liliegeshwa katikati. Fundi wa baiskeli alikuwa juu ya lori kwa ajili ya kipaza sauti, kwa sababu ndiye peke yake aliyejua kukibembeleza.

Halafu nikamwona mama. Alikuja na kigoda chake cha sokoni kichwani, kitenge kipya, kilemba cha kanisani. Hakwenda kwa watu wa Kasai. Alipita katikati ya wanaume wote wale, akisema, "Munipishe, munipishe," akafika mbele kabisa, chini ya lori, akaweka kigoda, akakaa, akainua uso.

Mwenyekiti alinikimbilia akitoka jasho. "Mama, tafadhali, mupeleke mama yako nyumbani. Mumeo hawezi kusema mbele yake! Atashuka! Mkutano wote utakufa!" Alisema kweli. Kwa desturi, mume wangu akimwona pale, alitakiwa kushuka upande wa pili na kwenda zake. Hakuna mtu uwanjani asiyejua hilo. Nikamwambia mwenyekiti, "Mimi sikumwita. Kama mnataka aondoke, mwende mumwambie ninyi." Alimwangalia mama, akafikiri, hakwenda.

Mume wangu akapanda. Uwanja ukanguruma. Akashika kipaza sauti, akarekebisha miwani, akafungua mdomo, na macho yake yakashuka chini yakamwona. Aliinamisha kichwa mara moja. Akarudi hatua nyuma, na watu wote wakaona anatafuta ngazi ya lori. Mwenyekiti alifumba macho. Mimi nilisema kwa sauti, sijui kwa nani, "Usishuke. Nakuomba, usishuke."

Hakushuka. Aligeuka. Aligeuka polepole mpaka akatupa mgongo sisi sote, uwanja mzima, kipaza sauti mkononi, waya umemzunguka miguu, na fundi akapiga magoti kuutoa. Alisimama akitazama ukuta wa shule uliokuwa nyuma ya lori. Watu wakaanza kucheka. Nani amewahi kuona mgombea anaomba kura kwa mgongo? Wengine wakapiga miluzi. Yeye akasubiri kidogo, halafu akaanza.

"Munisamehe," akasema. "Siwezi kuwatazama. Mama yangu amekaa pale mbele, na mimi nina heshima yangu."

Kicheko kikapungua.

"Hakunizaa. Alimzaa mwanamke aliyenizalia watoto. Ametoka Kasai kabla mimi sijaota meno, na mikono yake imelisha watu walioijenga reli hii. Kuna maneno yanazunguka kwamba nitampakia treni. Sikuyasema. Na kuna watu wananiunga mkono kwa sababu wanadhani niliyasema. Hao nawaambia leo, mbele yake: kura zenu msinipe. Anayetaka kumtoa huyu mama hapa mjini, aanze na watoto wangu, maana damu ni moja. Na kabla hajafika kwa watoto, atanikuta mimi mlangoni."

Halafu akaisema hotuba yote, tangu mwanzo, na katikati yake yote, kwa mgongo. Alipofika kwenye mji wa waliojenga aliinua mkono wake kama jikoni kwangu, na mimi nililia wazi wazi, sikujali kilemba wala nini.

Sitawadanganya kwamba uwanja ulimshangilia. Walioimba asubuhi walianza kuondoka, kwanza mmoja mmoja, halafu kwa makundi, wakisema mwanaume anayemwogopa mama mkwe wa Kasai kuliko wapiga kura ataweza nini Léopoldville. Mwenyekiti alishuka kwenye lori akaenda zake bila kuaga. Kule pembeni, wanaume wa Kasai walivua kofia zao. Hawakupiga makofi, walisimama tu, kofia mkononi, kama kanisani. Mama alikaa kwenye kigoda mpaka neno la mwisho. Halafu akakibeba kichwani akaenda, bila kuniangalia mimi wala lori.

Kura ikapigwa. Wanaume wakapanga foleni, sisi tukawatazama kutoka kwenye nyua zetu. Majibu yalipotoka, kiti kilikwenda kwa watu wale wa "wageni warudi kwao". Mume wangu alikuwa amepoteza hata mtaa wa mjomba wake aliyefariki. Fundi wa baiskeli ndiye aliyetuletea habari, na alizisema bila mzaha, akaketi nasi mpaka jua likazama. Mume wangu alizipokea vizuri mbele ya mtani wake. Mlango ulipofungwa alikaa kitandani na viatu vyake, akasema, "Walikuwa tayari mkononi mwangu." Nilimvua viatu, cha kwanza, cha pili, nikaviweka chini.

Nilimwonea uchungu sana. Niliuonea uchungu na mji, kwa sababu ulikuwa na mtu kama huyu na haukumtaka. Asubuhi alikwenda kazini kwenye reli kama kawaida, shati limepigwa pasi, akawasalimia watu wote njiani, pamoja na wale waliogeuza uso.

Jumapili iliyofuata tulikuwa uani, yeye kwenye kiti anasoma, mimi nachambua mchele. Sikusikia kikohozi langoni. Hakuna aliyekohoa. Lango lilifunguka tu, na mama akaingia, sufuria kubwa kichwani, na nyuma yake wanawake wote wa safu ya samaki, kila mmoja na chungu chake. Walikuwa wametembea hivyo kutoka Kenya mpaka Kamalondo, katikati ya barabara, mchana, kila mtu akiona. Mume wangu aliruka kutoka kitini, gazeti likaanguka, akakimbilia mlango wa jikoni.

"Kaa!" mama akasema.

Akasimama palepale, mgongo kwetu. Mimi nilifunika mdomo kwa mkono, kwa sababu nilielewa. Ile haya ya mkwe inaweza kuondolewa, lakini mwenye kuiondoa ni mama mkwe peke yake, siku anayotaka yeye, kwa kumpikia mkwe wake na kumwita ale mbele yake. Kuna mama wakwe wanaokufa hawajafanya hivyo. Wengi wanasubiri mkwe awe mtu mkubwa.

Mama alitandika mkeka mwenyewe. Akaweka kuku mzima, bukari, samaki wa Kasenga. Akaketi. "Geuka, mwanangu," akasema. "Mugongo yako nimeiona ya kutosha."

Aligeuka, macho chini. Akaja akaketi upande wa pili wa mkeka. "Inua uso." Akauinua. Walitazamana kwa mara ya kwanza, baada ya watoto wote wale, na mama alimwangalia kwa muda mrefu, paji la uso, pua, macho, kama anavyokagua samaki asubuhi. Kisha akanigeukia mimi kwa ukali. "Kumbe mujukuu wangu wa pili macho alitoa kwa huyu! Na weye haukuniambia!"

Mama akatafuta ndani ya sufuria kwa vidole, akapata firigisi, ile ambayo kwetu hupewa mwanaume anayeheshimiwa kuliko wote mezani. Akaiweka juu ya bukari yake.

"Mi hawakunipa karatasi," akasema. "Kura yangu njo hii. Kula, depite."

Akala. Alitafuna taratibu, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia anyamaze.